Mashine Namba Nne

Mwalimu alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, mkoba kaubana kwapani, jua linazama nyuma ya majengo, simu ilipotetemeka ndani ya mkoba.

Haikuwa simu yake.

Ilikuwa ya mumewe. Aliibeba kila alikokwenda na kuichaji kila usiku, kana kwamba mwenyewe angeamka asubuhi na kuiulizia. Asubuhi hiyo ndipo alipoitia bando, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, ili laini isifungwe. Lakini mumewe, fundi wa umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata mkewe akalizoea jina hilo, alikuwa kaburini mwezi wa tano sasa.

Akaitoa. Akasoma ujumbe.

*Umeanza kuchaji. Mashine namba nne. Asilimia 3.*

Fundi alikuwa na pikipiki ya umeme, na pikipiki hiyo ilimpa shida kama mtoto anayeota meno. Wao walikaa ghorofa ya tatu. Chini hapakuwa na soketi, betri ilikuwa haichomoki, na mwenye nyumba alikataa katakata waya kuning'inia dirishani. Ndipo Fundi akanunua kebo ya kuunganishia pikipiki na mashine za magari, akawa anakwenda kuchaji kwenye kituo cha magari, nyuma ya duka kubwa. Wenye magari walimcheka. "Bwana wee, hapa ni hori la tembo, wewe unaleta panya?" Naye aliwajibu, "Kwani panya hana tumbo?" Akachomeka, akakaa pembeni akimenya chungwa.

Siku aliyokufa mvua ilikuwa inanyesha. Alichaji ikajaa, akatoka getini, na lori likamkuta palepale. Pikipiki ilirudishwa nyumbani haina hata mkwaruzo wa maana. Ilikuwa chini ya ngazi, imefunikwa turubai, betri imekufa. Mwalimu hakuwahi kulifunua turubai lile.

"Mwizi," alijisemea alipopewa dawa ya kikohozi ya mama mkwe. "Kuna mtu anatumia jina la mume wangu." Na hasira ikamtangulia njiani.

Kituoni palikuwa na mashine sita zimejipanga, kila moja na taa yake ya kijani. Magari mawili tu yalikuwa yanachaji, mwanzoni kabisa. Mlinzi, mzee mwenye koti kubwa kuliko mwili wake, alikuwa amekaa karibu na geti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani anachaji namba nne?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Wewe ni nani yake?"

"Mkewe."

Mlinzi akavua kofia polepole, kama mtu aliyeingia msibani.

"Basi nenda mwenyewe. Mimi upande ule siendi magharibi ikiingia. Mwanzoni nilidhani ni mtu mwingine, nikamsalimia. Hakuitika. Nikatazama chini... Ni kiangazi, mwanangu. Uwanja wote mkavu. Ila pale aliposimama yeye, pamelowa."

Mwalimu alitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Akatembea. Namba moja. Namba mbili. Namba tatu...

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Lami iliyolowa mvua. Na mpira uliosuguliwa hadi ukaungua.

Halafu akaiona pikipiki. Na karibu na pikipiki, mtu amesimama ameielekea mashine, kofia ngumu kichwani, koti linachuruzika maji. Tone... tone... tone...

Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia. Hivyo ndivyo alivyosimama Fundi, tangu siku Mwalimu alipomwona kwa mara ya kwanza akifunga balbu kwenye darasa lake la chekechea.

"Fundi?"

"Ishia hapo hapo, Mwalimu." Sauti ilikuwa ya kunong'ona, na ilitoka mbali kuliko ile kofia. "Na usinitake nivue hii."

Mwalimu akasimama. Akashika nguzo ya mashine. Ilikuwa ya baridi kama barafu. Kwenye kioo namba zilikuwa zinapanda. Arobaini na moja... arobaini na mbili...

"Mama hajambo?" akauliza yule mtu.

Kati ya maswali yote, hilo. Machozi yakamtoka Mwalimu bila hodi.

"Anaumwa. Anakohoa tu, madaktari hawaoni kitu. Amekwisha, Fundi, amebaki mifupa."

"Najua. Kila ninapojazwa, namsikia anakohoa humu ndani." Akagusa kifua chake kilicholowa. "Mwambie aache. Mwambie anikate."

"Akukate nini?"

"Kila jioni najikuta hapa. Kebo imeshachomekwa, sijui nani aliyechomeka. Ikifika mia, pikipiki inawaka yenyewe, tunatoka getini. Halafu zile taa za lori..." Tone... tone... "Inauma, Mwalimu. Ile siku yenyewe niliumia mara moja, nikapumzika. Sasa nazingoja zile taa tangu asilimia ya kwanza."

Mwalimu akanyoosha mkono. Alitaka kumshika bega tu, lile lililoshuka.

"Usiniguse," sauti ikalia. "Ukinigusa sitaweza kukuacha."

Mwalimu akageuka, akakimbia hadi kwao. Chini ya ngazi akasimama akihema. Kidogo kidogo akainua pembe ya turubai.

Pikipiki ilikuwapo. Ina vumbi. Haina waya wowote. Na kioo chake kilikuwa kinawaka.

Hamsini na nane... hamsini na tisa...

Alipanda ngazi tatu tatu. Chumba cha mama mkwe kilikuwa gizani, pazia limefungwa. Bibi yule alikuwa amelala chali, midomo imepiga rangi ya samawati, na tumboni, juu ya nguo, alikuwa amejizungushia kebo. Ile kebo ya Fundi ya kuunganishia. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cheusi, na kichwa chake mama amekifumbata kwa mikono miwili kifuani, kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Mama! Hii ni nini?"

Bibi akafumbua macho. Uso wote uliokauka ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Umemwona?" akanong'ona. "Nilijua ipo siku utamwona. Kuna mganga mmoja nyuma ya soko alinifungulia njia. Aliniambia kila kilicho hai kina chaji yake. Akaniuliza, uko tayari kummiminia mwanao ya kwako? Nikamwambia, hata yote. Mimi nina miaka sitini na minane, mwanangu. Yeye thelathini na minne. Hiyo ni hesabu gani?" Akakohoa, mwili mzima ukaruka kitandani. "Haya, niambie. Amesemaje?"

Mwalimu alikuwa na maneno yote mdomoni. Mwambie aache. Mwambie anikate. Alichotakiwa ni kufungua kinywa tu.

Lakini pia aliliona lile bega. Aliisikia ile sauti ikitamka "Mwalimu" kama alivyoitamka siku zote, kwa utani kidogo mwishoni. Na kesho saa kama hii angeweza kuisikia tena.

"Anakusalimu, mama," akasema. "Anakushukuru."

Bibi akatabasamu, akafumba macho, akaikumbatia kebo.

Usiku huo Mwalimu hakulala. Alijiambia alikuwa anamhurumia mgonjwa. Alijua anajidanganya.

Kesho yake alifika kituoni kabla ya jua kuzama. Alivaa gauni ambalo Fundi alilipenda. Mlinzi alimtazama, akatikisa kichwa, akageukia upande mwingine.

"Umemwambia?" lilikuwa neno la kwanza kutoka ndani ya kofia.

"Nitamwambia kesho."

Sabini na tatu... sabini na nne...

"Fundi, ni jioni moja tu. Zungumza nami kidogo. Darasani wananiuliza kwa nini balbu ile haijarekebishwa tena..."

"Mwalimu." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Hata wewe?"

Walisimama hivyo, hatua tatu kati yao, namba zikipanda. Tisini na nane. Tisini na tisa.

Mia.

Taa ya pikipiki ikawaka. Fundi akapanda, mabega yamekunjamana kama ya mtoto anayengoja kuchapwa. Ile pikipiki haikuwa na mlio. Ilipita pembeni yake kama upepo, ikaelekea getini.

"Ngoja!" Mwalimu akapiga kelele. "Fundi, ngoja! Usitoke!"

Akakimbia nyuma yake. Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na lori. Lakini akasikia honi ndefu, akasikia matairi yakilia, akasikia kishindo... na baada ya kishindo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumsimulia. Alimsikia Fundi akiita. Hakumwita mkewe.

"Mama! Mama, wee!"

Mtu mmoja aliyekuwa anachomoa kebo ya gari lake hakugeuza hata shingo. Mlinzi alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. Miezi mitano aliyaziba hivyo, kila jioni.

Siku ya tatu Mwalimu hakwenda kazini. Mchana alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe, akamshika mkono, akamwambia yote. Zile taa. Yale maumivu. Na kwamba juzi alimdanganya, kwa sababu na yeye alikuwa anamtaka.

Bibi akanyanyuka kwa kiwiko, nguvu zimetoka anakokujua mwenyewe.

"Mwongo! Unataka kumwua mwanangu mara ya pili!"

"Jana nilimsikia, mama. Alikuwa anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Anasema mama wee. Kama mtoto."

Bibi akarudi chini taratibu. Akatazama dari. Kisha midomo ikaanza kwenda, vidole vikigusana kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu jioni. Kujifunga kebo alikuwa ameanza wiki ileile ya mazishi.

Vidole vikaisha. Akaanza upya. Vikaisha tena.

"Kila siku?" akauliza, sauti haisikiki.

"Kila siku, mama."

"Nami nilikuwa nalala nikimshukuru Mungu."

Hakulia. Alianza kuhangaika na fundo la kile kitambaa cheusi, lakini vidole havikuwa na nguvu. Akajaribu kwa meno. Mwishoni akamtazama mkwe wake.

"Nisaidie, mwanangu. Peke yangu siwezi."

Walilifungua pamoja, mikono minne juu ya fundo moja, wote wawili wakijua wanachofungua. Kebo ilipoanguka sakafuni, ilianguka na mlio mzito, kama kitu chenye mwili.

Jioni ilipofika, Mwalimu aliiweka simu ya Fundi mezani na kuitazama. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Haikutetemeka. Alishuka chini ya ngazi, akainua turubai. Kioo kilikuwa cheusi. Akakaa chini palepale kwenye saruji, akaegemea gurudumu, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya kuzika, kwa kuwa siku ile hakuwa yeye aliyemwachilia.

Bibi hakusema neno tena. Hakukohoa tena pia. Alikaa kitandani amegeukia mlango, na kabla ya mapambazuko alikuwa amekwenda. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Kwa hilo hakukosea.

Walimzika kando ya mwanawe. Pikipiki Mwalimu alimpa fundi aliyekuwa akifanya kazi na mumewe aifungue vipande vipande. Kebo aliichoma mwenyewe uani, na laini ya simu akaikata kwa mkasi. Watu wakamsifu kwamba amejikaza. Akarudi darasani. Wiki ya tatu alicheka kwa mara ya kwanza, mtoto mmoja alipochora tembo mwenye miguu saba.

Jioni ya siku hiyohiyo, akiwa anapanga rangi za watoto kwenye makopo, simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Mlinzi. Mwalimu alimwachia namba siku ya msiba wa bibi.

"Samahani, mwanangu." Mzee alikuwa ananong'ona. "Kuna mama mmoja huku. Mtu mzima. Hana viatu. Amesimama namba nne."

Kopo likamponyoka Mwalimu.

"Anataka nini?"

"Anamtafuta mwanawe. Anasema ana neno moja tu la kumwambia, amwombe radhi. Nimemwambia huyo kijana haji tena, amepumzika. Hanisikii. Anasema basi atamfuata kwa njia aliyopitia." Mzee akavuta pumzi. "Sasa ameanza kwenda getini. Mwanangu... nimwambie nini?"

Mwalimu akafungua kinywa. Alitafuta neno ambalo mama huyo angeweza kulisikia, akalitafuta kwa nguvu zake zote, hakulipata.

Upande wa pili, Mlinzi alikuwa ameshaitupa simu chini. Sauti yake ilitoka mbali, ikikimbia:

"Mama! Rudi, mama! Hizo taa... mama, rudi!"