Zima Injini Kwanza

Kila asubuhi gari la muuguzi liliamsha nyumba nzima. Akiwasha tu, injini ililia kwii, kwii, kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Hilo gari lenu linaumwa," alisema mama yake muuguzi, aliyeishi nao.

"Ni mkanda wa injini tu, mama," alijibu mkwewe, mume wa muuguzi, fundi cherehani. "Hata cherehani yangu ikilia, naitia mafuta. Inanyamaza."

Siku moja fundi alitoka na kikopo chake cha mafuta. Shingoni alikuwa na futi ya kupimia nguo, kama kawaida yake. Mke wake alikuwa kwenye usukani. Injini ilikuwa inanguruma. Fundi alifungua boneti, akainama, akadondosha mafuta kwenye mkanda uliokuwa ukizunguka.

Kelele zikapungua.

"Umeona?" akasema kwa furaha. Akainama zaidi.

Futi ikaning'inia. Mkanda ukaidaka.

Kichwa cha fundi kilivutwa chini kwa nguvu. Shavu likagonga chuma. Mama mkwe akapiga yowe. Muuguzi akazima injini, lakini futi ilikuwa imeshakatika yenyewe. Fundi alianguka chali, macho yamemtoka, mkono shingoni. Alama nyekundu ilikuwa imemchora koo.

Muuguzi alizoea kuona damu na majeraha. Lakini siku hiyo aliruka nje ya gari bila hata kufunga mlango. Alipiga magoti mavumbini, akampapasa mumewe shingo.

"Sema kitu. Sema chochote!"

"Nipo," fundi alinong'ona.

Jirani yao alikuja mbio. Alikuwa mwanamke mnene, fundi wa matrekta, na mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Alitazama ndani ya boneti. Vipande vya futi vilikuwa vimesambaa kila mahali. Akashika kichwa.

"Shemeji, ulikuwa unatia mafuta injini ikiwa inazunguka?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Mungu wangu! Mkanda huo haujui kipi kitambaa na kipi kidole. Ukitaka kugusa chochote humu, zima injini kwanza. Chomoa ufunguo, uweke mfukoni mwako. Vua futi, skafu, saa na pete. Na mafuta hayawekwi kwenye mkanda kabisa. Yanaufanya uteleze na kuoza."

"Lakini kelele zilipungua," alisema fundi.

"Umemziba mdomo mgonjwa. Hujamtibu."

Muuguzi alipiga simu zahanati, akaomba zamu ya mchana. Mumewe alipopata maji na kupumzika, injini nayo ikawa imepoa. Mama Spana akaanza kazi. Fundi alitaka kusaidia.

"Sawa," alisema Mama Spana. "Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi," alisema mama mkwe. Alikuwa ameukumbatia kama mtoto mchanga.

Kwanza walichomoa waya wa hasi wa betri. Kisha muuguzi alipiga picha ya mkanda kwa simu, ili wajue unapita wapi. Mama Spana aliingiza spana ndefu, akasukuma polepole. Mkanda ukalegea, fundi akauvua. Upande wa ndani ulikuwa na nyufa tele.

"Basi tununue mpya, tufunge," alisema fundi.

"Subiri. Hiki ninachosukuma ndicho kinachoukaza mkanda. Mafundi wanakiita tensheni. Zungusha gurudumu lake kwa mkono."

Fundi alizungusha. Likakwaruza kama lina mchanga ndani. Akalitikisa kidogo. Gurudumu likachomoka, likabaki mkononi mwake.

Mama Spana akalichukua, akalizungusha karibu na sikio.

"Hili ndilo lililokuwa linapiga kelele," alisema Mama Spana, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwenye gari hili, mkanda huu unazungusha pampu ya maji, unachaji betri, na unalainisha usukani. Ukikatika barabarani, usukani unakuwa mzito ghafla na injini inachemka."

Muuguzi aliweka mkono mdomoni. "Jana nimeteremka nalo mlimani. Nilikuwa nimempakia mjamzito."

Walikwenda duka la vipuri na mkanda wa zamani pamoja na tensheni mbovu, wapewe vinavyolingana. Waliporudi, Mama Spana alimwonyesha fundi namna ya kusafisha mafuta kwenye magurudumu yote. Wakafunga tensheni mpya, wakakaza bolti vizuri. Wakapitisha mkanda huku wakitazama ile picha. Mama Spana alikagua kila gurudumu kwa tochi, ahakikishe mifereji ya mkanda imekaa sawa. Kisha akaiachia taratibu spana aliyokuwa akisukumia tensheni, mkanda ukakazika. Wakaokota vipande vyote vya futi, wakatoa vifaa, wakarudisha waya wa betri.

"Rudini nyuma wote!" aliamuru mama mkwe kabla ya kutoa ufunguo. Hata Mama Spana alirudi nyuma.

Muuguzi akawasha. Injini ikanguruma kwa upole. Hakuna kilio. Alizungusha usukani kushoto na kulia, ukamtii. Akampungia mumewe mkono, akaondoka kwenda kazini.

Fundi alisimama hadi gari likapotea kwenye kona. Ndipo akaigusa ile alama shingoni. Alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mama mkwe akaja, akakaa kando yake.

Baadaye simu ililia. Fundi aliipokea, lakini sauti haikutoka.

"Nimefika salama," alisema muuguzi. "Gari limetulia kabisa. Haloo? Unanisikia?"

Mama mkwe alimchukulia simu mkononi.

"Anakusikia, mwanangu," alisema. "Yupo hapa. Mzima."