Dada Aliniandika Msichana wa Kazi Kwenye Agreement ya Quad Yangu

"Kumbe wewe ndiye msichana wa kazi hapa?"

Hilo swali niliulizwa kwetu Kitengela, mchana kweupe, mikono yangu ikiwa na grisi mpaka kwa viwiko.

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Lakini Katoo, aliyekuja kununua, hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika karatasi, kidole kiko kwa mistari ya chini.

"Ni hapa imeandikwa. Shahidi ni Nthambi, house help."

Jamani! Nthambi ni mimi!

Na aliyeandika hiyo karatasi ni dada yangu wa tumbo moja...

Ngojeni niwaeleze polepole. Mimi si mtu wa maneno. Shule niliachia darasa la sita, na hata kwa chama huwa nakaa kiti cha nyuma. Nikikosea mahali mnisamehe.

Nilikuwa napika kwa kambi moja ya wageni, ndani ndani huko Kisaju. Nyuma ya jikoni kulikuwa na quad, ile pikipiki ya magurudumu manne ya kupita kwa mawe na vichaka. Ilikuwa imekufa kabisa. Kuku walikuwa wanataga kwa kiti.

Kambi ilipofungwa, mwenyewe akaniambia, "Nthambi, ukiweza kuitoa hapa, ni yako." Akaniandikia barua, akaweka sahihi.

Nikaileta kwetu, nikaitengeneza mwaka mzima. Fundi akifungua, niko hapo. Akifunga, niko hapo. Siku iliponguruma mara ya kwanza, nililia kama mtoto.

Sasa sikieni. Quad yangu haina namba ya barabarani. Haina logbook. Kujua ni ya nani, mpaka uangalie karatasi. Na karatasi zangu zote nilikuwa nampa dada Ndunge aniwekee, kwa sababu yeye alisoma mpaka koleji na ana kazi ya ofisi.

Nikaamua kuiuza nifungue kibanda cha chapati, nihame, nijitegemee. Katoo, mfugaji wa Kisaju, alikuwa anatafuta kitu cha kufuatia kondoo wake.

Ndunge akaniambia, "Wewe unaonanga haya, mami. Agreement niachie mimi. Wewe utaweka tu sahihi."

"Asante, dada."

Yaani nilimwambia asante!

Jumamosi Katoo akafika. "Sopa!" akatusalimu kwa Kimaasai. Akaizunguka quad mara mbili, akapanda, akaenda nayo mpaka kwa lami na kurudi. Halafu maswali yakaanza.

"Inakunywa mafuta aje?"

Ndunge akaniangalia. Nikajibu.

"Na breki?"

"Ya nyuma ni nzuri. Ya mbele kushoto inachelewa kushika."

Ndunge akanifinya mgongoni. "Wewe! Hiyo unasema ya nini?"

"Na asubuhi kukiwa na baridi?"

"Vuta choki, ngoja kidogo, usiguse mafuta."

Ndipo Katoo akachukua karatasi ya Ndunge, iliyokuwa kwa Kizungu tupu. Akasoma pole pole mpaka chini. Akaniuliza lile swali.

Nikamgeukia dada.

"Sasa msichana wa kazi anajuaje hii kitu kushinda wewe uliyeandikwa ndiye mwenye kuuza?" akamuuliza Ndunge.

Ndunge akacheka kile kicheko chake cha ofisi. "Ah, huyu ni mwerevu tu. Weka sahihi hapa, bwana Katoo. Pesa tuma kwa hii namba."

Namba ilikuwa yake!

Katoo hakugusa kalamu.

"Kwetu mimi sinunui ng'ombe kabla sijaongea na mama anayemkamua. Mzee anaweza kukudanganya. Yule mama anajua mpaka titi gani linauma. Sasa hii... ni nani huikamua?"



Masikio yalikuwa yananiwaka moto. Nikasikia sauti inatoka, na kumbe ni yangu.

"Ni mimi."

"Nthambi, nyamaza!"

"Ni yangu. Barua ya mwenye kambi iko kwa file yako, dada. Ile ya kijani."

Ndunge akalipuka!

"Yako? Unalala kwa nyumba inalipwa na nani? Unakula unga ya nani? Kuandika kwenyewe hujui!"

Akaingia ndani, akarudi, akanitupia ile barua miguuni.

Katoo akaiokota, akaisoma, akanipa kalamu.

"Niandikie wewe. Kwa Kiswahili. Sina haraka."

Nikararua karatasi kwa daftari. 

*Mimi Nthambi nimemuuzia Katoo quad yangu nyekundu. Nambari ya fremu nimeisoma mwenyewe kwa chuma, nimeiandika hapa chini. Haina namba ya barabarani. Breki ya mbele kushoto inachelewa, nimemwambia. Ameiendesha kwanza. Kuanzia leo ni yake.*

Nikaandika namba ya kitambulisho changu, naye yake. Tukaweka sahihi. Simu yangu ikalia, pesa imeingia.

"Bado shahidi," Katoo akasema.

"Nitamwita mama."

Mama alikuwa amekaa mlangoni muda huo wote, anachagua ndengu. Nikaokota karatasi ya Ndunge nione shahidi huandikwa sehemu gani.

Chini ya jina langu kulikuwa na shahidi wa pili.

Alama ya kidole. Wino wa bluu. Jina la mama.

"Mama... ulijua?"

Hakuinua macho.

"Ndunge ndiye hutulipia nyumba, mwanangu."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mpole. Nilijua hutasema kitu."

Shahidi akawa jirani. Nilihama wiki hiyo hiyo, na chapati zangu zinaisha kabla ya saa nne. Lakini kuna siku nasimama mbele ya jiko nasikia lile neno la mama, naunguza chapati.

Dada zangu mnaosoma hapa, kitu kikiwa chako, agreement andika wewe, hata mwandiko ukipinda. Usiweke sahihi kwa lugha usiyoijua, hata kama aliyeandika mmenyonya titi moja. Na kama wewe ni mtu wa kunyamaza kama mimi, ujue kuna mtu mahali anapanga mambo yake akitegemea huo unyamavu wako.

Mama, najua kuna mtu atakusomea hii.

Nimesema.