Jina Halikusomwa

Siku waliyokutana, Balqis na Maan karibu wagombane. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga bandari ya Mutrah, watu wamebanana sokoni, na wote wawili wameshika kasha moja la kanda kuukuu katika duka la vitu vya kale. Zilikuwa kanda za kipindi cha zamani cha vichekesho cha redio ya Waingereza, waigizaji watano wakijifanya watu hamsini kwa sauti tu.

"Nimelishika mwanzo mimi, kaka," alisema Balqis, abaya yake yenye ukingo wa zari imejaa vumbi.

"Lichukue. Ila nipe nambari ya simu, nije kusikiliza kwa masharti yako."

Alimpa. Mtu akikuchekesha hivyo utafanyaje?

Mwaka haukupita, wakapendana, wakaanzisha kipindi chao cha redio cha Kiswahili, kikirikodiwa mbele ya watu katika ukumbi mdogo mtaa wa Khuwair. Balqis, mwalimu wa shule huko Al Khoudh, aliandika kila neno. Maan aliigiza: mama mkwe, dereva, karani, hata mbuzi wa Idi. Watu walivunjika mbavu. Na kila mwisho mtangazaji alisoma: "Kimeandikwa na kuigizwa na Maan."

Mara ya kwanza Balqis alidhani wamesahau. Mara ya nne alipiga simu.

"Maan, jina langu liko wapi?"

"Habibti, mama anakuja kwenu Alkhamisi kuleta posa. Akijua wewe ndiye uliyemwandika yule mama mkwe anayenusa sufuria za watu kama yeye, atakuja kweli? Nakustiri tu."

"Unanistiri na kazi yangu?"

"Mpaka tuoane, roho yangu."

"Kwa hiyo jina nitalipata nikishakuwa mkeo? Mwambie mama asije."

Akakata simu. Hebu tazama ujeuri huo: mwanamke aumize kichwa, mwanamume apigiwe makofi, kisha mwanamke aambiwe amestiriwa. Balqis alilia kwa hasira. Alimpenda Maan, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alkhamisi ikapita bila posa. Siku tisa Maan alipiga, na siku tisa hakupokelewa.

Siku ya kumi Balqis alikwenda ukumbini kuchukua makaratasi yake, basi. Akakuta kipindi kinamalizika. Safu ya mbele amekaa Bi Shatha, mama yake Maan, amejitanda mtandio wa kijani, anamcheka yule mama mkwe mpaka anajifuta machozi. Mtangazaji akafungua mdomo, Maan akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mimi naigiza tu," alisema. "Vipindi vyote, kila neno, ameandika Balqis binti Ishaq. Jina lake nililificha mimi, kwa kumwogopa mama yangu."

Bi Shatha aligeuka, akamwona Balqis mlangoni.

"Wewe ndiye uliyeniandika nnavyonusa sufuria?"

"Ndiyo, mama." Hakuinamisha macho.

"Umesahau nnavyohesabu vijiko baada ya wageni. Liongeze na hilo." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulidhani mimi sijijui?"

Maan alimtazama Balqis. "Mama aje sasa?"

"Vipindi vinne umeninyima jina langu. Lisome mara nne, wasikie wote."

Akalisoma. Balqis hakumjibu yeye, alimwendea Bi Shatha akambusu mkono.

"Karibu Alkhamisi, mama," akasema. "Nitamwambia baba akungojee."