Fomu ya Arobaini na Moja

Karani wa mradi alibonyeza dole gumba kwenye mashine ya mahudhurio, kioo kikaandika KARIBU, na chini yake jina la mkunga aliyezikwa mwaka juzi.

Alicheka, kicheko kikamkauka. Jina lile aliliandika mwenyewe jana. Kisiwa kizima kilikuwa kimeukataa uwanja wa ndege, maana ungefukia nyumba zao na makaburi yao, na bosi alitaka fomu arobaini za watu waliokubali kuhama. Karani, mzaliwa wa hapo hapo, akaenda makaburini, akanakili majina, kisha akapiga dole lake mwenyewe kwenye fomu zote. Maiti hawaandamani, alijiambia.

Kufika saa sita ofisi ilinuka udongo mbichi. Ndani ya kabati la mafaili kitu kikakwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena, na kila alipojipa moyo kwamba ni panya kikausogelea mlango wa kabati, hadi sauti ya kike, nzito, isiyovuta pumzi, ikauliza taratibu, "Nimekubali nini mimi?"

Alitoka mbio mpaka kwa shangazi yake, mganga, ambaye naye alikuwa amegoma kusaini.

"Shangazi, nisaidie, nimewapigia wafu dole kwenye fomu za kuhama, na mkunga amenifuata."

"Punguza sauti," shangazi alinong'ona, akiutazama wino uliogoma kutoka kwenye dole la karani. "Huyo si mkunga. Ni jini wa makaburini, ndiye anayewasemea wafu. Mjinga wewe! Nenda kazichane hizo fomu mbele ya watu. Leo hii."

"Nitafukuzwa kazi."

"Afadhali ufukuzwe na bosi."

Akaapa atazichana. Njiani bosi akampigia simu: cheo chake kipya kimepita, alete fomu kabla ya saa kumi. Tamaa ikamwingia. Shangazi naye kwa kutisha watu hajambo, akajisemea, akarudi ofisini.

Kabati lilikuwa kimya. Alitoa fomu, akazihesabu. Zilikuwa arobaini na moja.

Ile ya mwisho ilikuwa na jina lake kamili. NAKUBALI KUHAMA. Anakohamia: makaburini, mstari wa tatu, jirani na mkunga. Dole lililopigwa hapo halikuwa lake. Lilikuwa la udongo, bado bichi.

Alitaka kuichana, vidole vikakataa kukunjika. Pale mlangoni, ambapo hapakuwa na mtu, mashine ya mahudhurio ikaandika jina lake, ikalia mara moja, vile inavyolia mfanyakazi anapotoka.