Aliyeitikia Stoo ya Magodoro

Katika bweni la wavulana la chuo kile cha mapadri, kuamshana kulikuwa na kanuni yake. Mwamshaji hubisha mara tatu, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," na haondoki mpaka aitikiwe, "Milele na milele, amina." Akishaitikiwa, huyo ameamka, twende mlango wa pili. Hakuna kufungua wala kuchungulia.

Kazi hiyo ilikuwa ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu waliyempachika jina Kengele. Aliipenda, maana ilimpa ruhusa ya kuwaudhi wenzake kila alfajiri na kuhesabiwa mcha Mungu. Ila siku moja, nusu ya akili ikiwa bado kitandani, alibisha mlango wa kumi na mbili. Chumba hicho ni stoo ya magodoro mabovu. Halali mtu humo.

Akaitikiwa.

Alikuwa ameshavuka milango miwili ndipo mwili ukamsisimka. Akarudi kutazama kufuli. Lilikuwa limefungwa na limeshika kutu, na chini ya mlango ilitoka harufu ya godoro lililonyeshewa. Akajiambia ni masikio yake tu. Akanyamaza, kwa kuwa bweni lile likikupata na kichekesho, utakisikia mpaka siku ya mahafali.

Kesho yake wa chumba cha kumi na tatu, kijana wa hisabati aliyeitwa Profesa, aliitikia vizuri tu, lakini hakuonekana kanisani wala darasani. Walipovunja mlango saa sita mchana walimkuta amelala usingizi wa pono, na hawakuweza kumwamsha kwa maji wala kwa makofi. Siku iliyofuata ikawa wa kumi na nne. Kisha wa kumi na tano. Wote watatu wakalazwa zahanati, na daktari akapima hiki na kile, akakosa la kusema.

Chumba cha kumi na sita alilala mdogo wake Kengele, kitinda mimba wa mama yao. Mama alipomleta chuoni hakusema mengi. Aliuchukua mkono wa yule mdogo, akauweka ndani ya mkono wa kaka yake, akageuka kuondoka.

Jioni hiyo Kengele alikwenda kwa padri mlezi wa bweni.

"Baba, nilibisha stoo," alinong'ona.

Mzee aliweka kikombe chini. "Ukaitikiwa?"

"Nikaitikiwa."

"Na umekaa kimya siku zote hizi?"

"Niliogopa kuchekwa, Baba."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umeamsha kilichokuwa kimelala, mwanangu. Sasa kinaitikia badala ya watu, na wao kinawalaza mahali pake." Alishusha sauti. "Kesho usibishe popote. Nitabisha mimi, kwa mdogo wako tu. Kaa naye ndani, muwe macho, na msiitikie hata kwa kukohoa. Kikijibu chenyewe mbele ya watu walio macho, nitakifukuza."

Wakakesha, taa ikiwaka, mgongo kwa mgongo.

"Kaka, nikisinzia je?"

"Nitakufinya mpaka umlilie mama."

Kulipoanza kupambazuka wakasikia hatua, nzito na za taratibu, zikipita mlango wa kumi na nne bila kusimama, zikipita wa kumi na tano, na ile harufu ya godoro bichi ikapanda kutoka uvunguni mwa kitanda walichokalia, ikawaingia puani na kooni, ndipo mlango ukabishwa mara tatu na sauti ya padri ikasema, "Tumsifu Yesu Kristo," na hapohapo, chini yao, sauti ya mdogo mtu ikaitikia, ilhali mdogo mtu mwenyewe ameuma midomo na machozi yanamtoka.

"Fungueni kitoke!" ikaamuru sauti ya nje.

Kengele akafungua. Upepo wa baridi ukampita miguuni, harufu ikakatika ghafla. Ukumbi ulikuwa mtupu; wakadhani padri ameshakwenda zake. Wakakumbatiana, wakacheka kama wendawazimu, wakashuka mbio kwenda kumshukuru padri nyumbani kwake.

Wakampata mpishi sebuleni na birika mkononi.

"Baba leo vipi?" akalalamika. "Kabla hakujakucha nilisikia anabishiwa hodi, akaitikia salamu, nikajua yuko macho. Chai inapoa hii."

Kengele akasukuma mlango wa chumba. Padri alikuwa kitandani, stola yake ya kipadri shingoni, viatu vimefungwa kamba. Akamtikisa. Akampiga kofi, Mungu amsamehe. Mzee alikoroma tu.

Basi aliyesema fungueni ni nani? Amri ile aliitii kwa mikono yake mwenyewe.

Mlango wa mbele ukabishwa mara tatu.

"Tumsifu Yesu Kristo," ikasema sauti ya nje. Ilikuwa sauti yake Kengele, na uchovu wake wa alfajiri, na mkwaruzo wake wa koo.

"Milele na milele, amina," mpishi akajibu kwa mazoea, akakaa sakafuni polepole, kichwa kikamwangukia kifuani. Birika likabingirika.

Ikabishwa tena. Kengele aliruka, akamziba mdogo wake mdomo kwa mikono miwili, akaubana kwa nguvu zote alizonazo. Na chini ya viganja vyake akaisikia midomo ya mtoto wa mama yake ikiendelea kucheza.