Kompyuta Iliyogoma Kuchora

Jumamosi hiyo jengo la mafundi lilikuwa limejaa tangu mlangoni: wa simu huku, wa redio kule, wa saa katikati, na kila mmoja anaita wateja. Mwalimu wa hesabu alikuwa akipanda ngazi, amekumbatia kompyuta ya shule kifuani kama mtoto mwenye homa, waya wake wa umeme ukiburuzika nyuma. Fundi mmoja aliyekuwa akishuka akaukanyaga.

"We kaka, unanivuta!"

"Dada, wewe ndiye umenitega."

Wakatazamana. Mwalimu alivaa gauni la bluu iliyokolea na mkanda mweupe mwembamba kiunoni. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na vumbi la chaki ambalo mwenyewe hakuwa na habari nalo. Shati la fundi lilipigwa pasi likanyooka hasa, na bisibisi mbili zilisimama mfukoni mwake kama kalamu.

"Inaumwa nini?" akauliza, akiupokea mzigo bila kuombwa.

"Haiumwi, imegoma. Ina programu ya hesabu, zile za bure ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzitengeneza. Inahesabu kunishinda. Lakini ukiiambia ichore mkunjo, ule mstari wa kupinda wa grafu, inajibu kwamba haikujengwa na uwezo wa kuchora."

"Inakujibu hivyo hivyo, bila haya?"

"Bila haya."

Fundi akacheka. Mwalimu akajikuta anacheka naye pale pale kwenye ngazi, watu wanawapita pembeni wakiguna.

Akamweleza yote. Alikuwa mwalimu wa mkataba. Alhamisi ya wiki ya tatu wakaguzi wangekuja kumtazama akifundisha mikunjo. Wakiridhika, angepata ajira ya kudumu. Wasiporidhika, angefunga mizigo na kurudi kwa wazazi wake, safari ya siku nzima kwa basi.

"Basi itachora," fundi akasema. Hata yeye hakujua kwa nini safari ya basi ya mtu aliyemjua kwa robo saa ilimkera namna ile.

Siku zikaenda kwa simu.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Ana nafuu. Mwenye mgonjwa je?"

"Ana madaftari arobaini ya kusahihisha, na mtu anamsumbua kwa simu."

"Nikate?"

"Nani kakwambia ukate?"

Mwalimu alipenda jinsi fundi alivyoeleza kazi yake. Programu ile, alimwambia, hujengwa ndani ya kompyuta yenyewe, kama nguo ya kushonewa mwilini. Kabla ya kuanza, hupekua kilichomo. Ikikosa maktaba ya michoro, yaani kile kifurushi cha kuiwezesha kutoa picha, haigombi. Inaendelea kujijenga bila picha. Naye fundi alipenda alivyosikilizwa, na zaidi alivyoulizwa, maana mwalimu hakuacha neno lipite kabla hajalielewa.

Ijumaa ya wiki ya pili akapiga simu. "Mpenzi, maktaba nimeiweka na programu nimeijenga upya. Iko tayari, kesho uje uichukue."

Lilikuwa la kwanza, hilo "mpenzi". Mwalimu akalala nalo.

Jumatatu alifanya majaribio mbele ya mkuu wa shule na walimu wenzake. Projekta ikawashwa, mapazia yakashushwa. Akaandika amri. Ukutani ukatokea mstari ule ule: haikujengwa na uwezo wa kuchora. Mwalimu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Mkuu wa shule akatazama saa yake.

Alimpigia fundi akiwa bado ukumbini.

"Uliniambia iko tayari."

"Nimeijenga kweli! Imemaliza bila kosa hata moja!"

"Uliiambia ichore, ukaona?"

"Niliona imemaliza, nikaizima."

"Mimi hata daftari la mtoto sirudishi bila kulifungua," mwalimu akasema. "Wewe umenirudishia maisha yangu bila kutazama." Akakata. Fundi akapiga tena na tena, simu ikaita tu.

Aliishi na dada yake, mshonaji. Dada mtu alimsikiliza, pini mdomoni, kisha akazitema mkononi.

"Hapa kwangu nguo haitoki mpaka mteja aivae nione. Wewe umetoa bila kupima. Sasa umekaa hapa kunililia mimi, kwani mimi ndiye mwenye hiyo kompyuta?"

Jumatano saa tisa alasiri fundi akaingia ofisi ya walimu na bunda la karatasi.

"Nina makosa, nisamehe," alisema, amesimama. "Kompyuta huandika kila hatua inapojijenga. Nilibaki na nakala, nimechapa zote, kurasa kumi na tisa. Nimesoma mara tatu sioni kitu. Sijui mtu anayesoma kama wewe. Nisomee."

Mwalimu akavuta kiti, akachukua rula, akaiweka chini ya mstari wa kwanza. Hakuruka hata mmoja. Kwenye ukurasa wa kumi na moja rula ikasimama.

"Hapa. Maktaba ya michoro: haipo. Pembeni imeandikwa 'jibu la akiba'. Ni nini hicho?"

Fundi akainama, akashika kichwa. "Haikupekua tena! Ilihifadhi jibu la mara ya kwanza, ikalirudia hilo hilo. Maktaba ipo, ila haijaulizwa upya."

"Basi tatizo ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Kama wewe na simu zangu: umebaki na jibu la Jumatatu."

Mwalimu akauma midomo, kicheko kikamshinda.

Wakaiwasha kompyuta pale ofisini, wakafuta mabaki yote ya ujenzi wa kwanza, wakaanza upya, saa nzima na nusu, bega kwa bega. Safari hii fundi hakusema kwamba iko tayari. Alimsogezea kibodi. Mwalimu akaandika amri, na mkunjo mwekundu ukapanda kwenye skrini, ukapinda juu, ukashuka upande wa pili, laini kama uzi.

"Mzuri," akanong'ona fundi. Hakuwa akitazama skrini.

Alhamisi mkaguzi mmoja aliomba namba ibadilishwe. Mkunjo ukanyanyuka, na wanafunzi wa nyuma wakasimama wauone. Mwalimu akaueleza kama mtu anayeeleza nyumba aliyokulia. Saa sita mkuu wa shule akampa mkono mbele ya wote: anabaki.

Fundi alikuwa akingoja nje ya lango.

"Nimebaki," mwalimu akasema.

"Nimesikia makofi." Akamsogelea. "Dada yangu anauliza, aende kwenu lini?"

"Kwetu? Kufanya nini?"

"Mwalimu, usinitese."

"Jumapili ijayo. Apande basi la alfajiri. Na mama akiuliza kazi yako, asimweleze mambo ya programu, watakesha."

"Na wewe mwenyewe? Hujanijibu."

Kengele ikalia. Mwalimu akageuka kurudi darasani, kisha akamtazama juu ya bega, uso umejaa tabasamu.

"Kwani hilo basi la alfajiri nimekutajia la nini, mume wangu?"