Kahawa ya Mara ya Tatu

Nyumbani kwa Ardis Tveit kahawa haikauki. Huiteleka alfajiri, mumewe Orlan anapokwenda kulisha ng'ombe, na birika hubaki motoni mpaka jioni. Shamba lao liko maili sita kutoka mji mdogo wa Nyhus, Dakota Kaskazini. Mgeni aliyekuja njia yote ile ya changarawe hawezi kuachwa aondoke na koo kavu.

Lakini kahawa ina adabu yake. Mwenyeji akisema, "Karibu kahawa," mgeni hujibu, "Aa, usijisumbue." Mwenyeji akirudia, mgeni husema, "Nimetoka kunywa sasa hivi." Mara ya tatu mgeni huguna na kusema, "Haya, nusu kikombe tu." Kisha hunywa vikombe vitatu. Anayekubali mara ya kwanza huonekana mlafi. Babu zao walitoka Norwe na adabu hiyo, na hakuna aliyethubutu kuiacha.

Tena watu wa Nyhus hawalalamiki. Mvua ya mawe ikiangusha ngano yote, husema, "Ingeweza kuwa mbaya zaidi." Ardis aliipenda tabia hii ya watu wake. Aliipenda mpaka Desemba ile.

Asubuhi moja alikwenda zizini akamkuta Orlan ameketi juu ya marobota ya majani, ameshika kifua. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama jivu la jana.

"Una nini, mume wangu?"

"Si kitu. Nimechoka kidogo."

Ardis hakumsikiliza. Alipiga simu ya dharura. Mwanamke upande wa pili akamwuliza, "Mama, hali yake ni mbaya?"

Ardis alimtazama mumewe. Jasho lilimtiririka na nje kulikuwa na barafu.

"Si nzuri sana," alijibu. "Lakini kama mna wengine walio taabani zaidi, sisi tutasubiri."

Nyhus ina gari lake la wagonjwa. Siku hiyo gari lilikuwa bandani, limeoshwa, linang'aa, halina wa kuliendesha. Wahudumu wake walikuwa wanne tu, watu wa kujitolea, na wote walikuwa kazini kwao. Gari lililokuja lilitoka mji wa Rolsted, maili arobaini. Lilichukua dakika hamsini na mbili.

Mhudumu aliinama mbele ya Orlan. "Mzee, maumivu yako nipe kwa namba. Sifuri hakuna, kumi hayavumiliki."

Midomo ya Orlan ilikuwa ya buluu. "Mbili," alisema.

Mungu alisaidia, hakufa. Daktari aliuzibua mshipa wa moyo wake, kisha akamwita Ardis pembeni. "Safari hii mmebahatika," alimwambia. "Akikaa tena karibu saa nzima bila msaada, siwaahidi kitu."

Tangu siku hiyo Ardis hakulala vizuri. Kila Orlan alipokawia zizini, yeye alisimama dirishani.

Jumamosi moja ya Januari, gari jeupe lenye matope liliingia uani. Alikuwa Delores Skaar, mmoja wa wabunge wao katika bunge la jimbo. Usimwogope kwa cheo hicho. Delores alizaliwa maili mbili tu kutoka hapo, na kwa miaka ishirini na miwili aliendesha basi la shule. Watoto wa Ardis wote walipanda basi lake na wote walikemewa naye.

Alipogombea mara ya kwanza, alishindwa vibaya. Jioni ya wagombea kujieleza kwa wapiga kura aliulizwa kwa nini achaguliwe. Alisimama, akasema, "Sijui. Mwenzangu naye ni mtu mwema." Kisha akaketi. Watu walimpigia makofi kwa unyenyekevu wake, halafu wakampigia kura huyo mwenzake. Mara ya pili alijifunza. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akawaambia watu waziwazi mambo matatu atakayopigania: gari la wagonjwa, madaraja ya vijijini, na shule ndogo zisifungwe. Alishinda kwa kura kumi na moja.

"Karibu kahawa, Mheshimiwa," Ardis alimtania.

"Aa, usijisumbue."

"Kikombe kimoja."

"Nimetoka kunywa mjini."

"Delores!"

"Haya, nusu tu."

Walipoketi, Delores alitoa karatasi mkobani. "Ardis mwenzangu, hebu nitazamie. Mwandiko huu ni wa nani?"

Ardis alivaa miwani. Ulikuwa mwandiko wake. Yeye ndiye katibu wa kamati ya gari la wagonjwa. Mwaka uliopita jimbo lilituma fomu kila mahali kuuliza huduma za dharura zina shida gani. Pale palipoandikwa, "Je, mnahitaji msaada?" Ardis aliandika: "Tunajitahidi. Wako wenye shida kuliko sisi."

"Nilijibu kwa adabu," alisema taratibu.

"Najua. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo hivyo." Delores aliweka kikombe chini. "Sasa sikia. Nimepeleka muswada bungeni. Muswada huo unataka jimbo liwalipe posho wahudumu wa vijijini kwa saa wanazokaa tayari. Mtu akilipwa, anaweza kuacha trekta siku mbili kwa wiki akakaa na gari. Lakini pesa zitaanzia kwa wenye shida zaidi, na orodha ya wenye shida imetoka kwenye fomu hizi. Nyhus haimo."

"Haimo kabisa?"

"Haimo. Jimbo halijui adabu ya kahawa, Ardis. Linauliza mara moja tu. Ukisema usijisumbue, linachukua birika linakwenda kwa jirani."

Ardis alivua miwani. Aliona zizi, aliona marobota ya majani, aliona midomo ya Orlan. Alijiona kama yeye ndiye aliyelifungia gari lile bandani, kwa kalamu yake mwenyewe. Waswahili wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwake kifo kilikuwa kimekwisha kupiga hodi.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Mawili. Kwanza, uandike barua ya kuirekebisha fomu. Pili, uje Bismarck, makao makuu ya jimbo, utoe ushahidi. Katika jimbo letu kila muswada lazima usikilizwe hadharani na kamati, na raia yeyote anaweza kusema. Hulipi kitu. Huhitaji wakili wala shahada. Asiyeweza kusafiri huandika."

"Mimi nisimame mbele ya wabunge? Mimi nani?"

"Na mimi ni nani? Dereva wa basi!" Delores alicheka. "Unajiandikisha. Unataja jina lako na unakoishi. Unasema unaunga mkono au unapinga. Unaeleza lililokupata wewe, si la kuambiwa. Mwisho unasema unataka wafanye nini. Dakika tatu zinatosha."

Orlan alikuwa ameketi nao mezani. Sasa alikohoa. "Tutaonekana ombaomba."

"Orlan, kodi unalipa?"

"Tangu ujana wangu."

"Basi huombi. Unadai kilicho chako kifanye kazi."

Orlan alichukua birika. Alimmiminia mbunge wake kikombe cha tatu.

Wiki hiyo jikoni palikuwa bunge. Orlan aliketi kichwani pa meza na mwiko mkononi, yeye mwenyekiti.

"Bibi Tveit, mna shida?"

"Kidogo."

Mwiko uligonga meza. "Rudia!"

"Ipo ipo."

"Mwanamke, unataka nife?"

Alisema kwa mzaha, lakini aliweka mwiko chini. Ardis aliondoka mezani akaenda kukoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. Orlan alimfuata, akamwekea mkono begani. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, na maneno ya mapenzi wameyatamka mara chache kuliko sikukuu. Mkono ule ulitosha.

Siku ya kikao chumba kilijaa. Delores aliueleza muswada wake, kisha akaketi mstari wa mbele. Mbunge mmoja wa mjini aliuliza, "Kama watu wa Nyhus wana shida, mbona wao wenyewe hawajasema?"

Mwenyekiti wa kamati aliita jina la Ardis. Alisimama.

"Naitwa Ardis Tveit, natoka karibu na Nyhus. Sipendi kuwasumbua, najua mna kazi nyingi..."

Akakwama. Alimwona Delores ameinua vidole vitatu kimyakimya, kama mtu anayehesabu vikombe. Ardis alivuta pumzi.

"Hapana," alisema. "Ngoja nianze tena. Mheshimiwa ameuliza mbona hatujasema. Mlituuliza mwaka jana, tukajibu hatuhitaji kitu. Aliyeandika hivyo ni mimi. Sikusema kweli. Kwetu tumefundishwa kwamba kuomba ni aibu, na hata kahawa tunaikataa mara mbili. Lakini Desemba nilikaa zizini na mume wangu dakika hamsini na mbili, namshika mkono, nasikiliza kama moyo bado unapiga. Gari letu lilikuwa maili sita tu. Halikuwa na mtu. Tuna shida. Shida kubwa. Naunga mkono muswada huu na nataka muupitishe."

Yule mbunge wa mjini aliandika kitu, kisha akasema, "Ahsante, mama. Nimejibiwa."

Kamati iliukubali muswada. Bunge zima lilipiga kura, kisha seneti ya jimbo, kisha gavana akatia sahihi. Haikuwa kazi ya siku moja, na fedha zilizotolewa zilikuwa pungufu ya zile Delores alizotaka. Lakini barua ya Ardis ilifika, na Nyhus iliingia kwenye orodha. Kuanzia Julai, watu wawili walikaa tayari na gari kila siku kutwa. Wapya watano walijitokeza kufundishwa, wa kwanza akiwa mke wa mchungaji.

Oktoba, wakati wa kuvuna alizeti, Orlan alishuka kwenye mashine akashika kifua. Ardis alipiga simu.

"Hali yake ni mbaya?"

"Mbaya sana," alisema Ardis. "Njooni sasa hivi."

Gari lilifika kwa dakika kumi na moja. Mke wa mchungaji aliruka chini na mkoba wake, akapiga magoti kwenye mabua.

"Orlan, maumivu kwa namba?"

Orlan alimtazama mkewe. Ardis alijua kusema kweli kungemgharimu mwanamume yule kuliko mavuno yote.

"Tisa," alisema Orlan.

Ardis alilia palepale, kwa hofu na kwa shukrani, mbele za watu, wala hakuona haya. Siku hiyo hiyo mshipa ulizibuliwa. Baada ya siku nne Orlan alikuwa nyumbani, anagombana na daktari kwa simu kuhusu lini ataruhusiwa kupanda trekta.

Mwaka uliofuata Delores alipita tena nyumba kwa nyumba kuomba kura. Safari hii alikuwa na fomu ya madaraja mkononi, na alitaka kila mwenye daraja bovu aseme. Ardis alimfungulia mlango.

"Karibu kahawa."

"Ndiyo," alijibu Delores papo hapo. "Tena kikombe kikubwa."

Orlan aliinua macho kutoka gazetini.

"Mlafi," alisema, akamsogezea kiti.